Mfanyabiashara wa Lulu na Barabara ya Yide

Mto unaopita katika jiji la Guangzhou, China, unaitwa Mto wa Lulu. Kaskazini kidogo ya ukingo wake iko Yide Lu, barabara ya maduka ya jumla ambayo mtu wa Kariakoo akishuka hapo hahitaji kufundishwa mambo yake. Bidhaa zimetandazwa hadi nje, wachukuzi wanasukuma mikokoteni huku wakiomba njia, na bei inayotajwa kwanza si bei ya mwisho. Yapo majengo yaliyojaa midoli, madaftari na mapambo ya sikukuu. Yapo na maduka ambayo pua huyatambua kabla ya macho: kamba wakavu, ngisi, chaza, jongoo bahari, na mabondo ya samaki, mali ambayo watu wa Mwanza na Musoma wanaijua thamani yake, maana mabondo ya sangara wa Ziwa Victoria husafirishwa hadi nchi hii.

Katikati ya biashara hiyo limesimama kanisa kuu la Moyo Mtakatifu wa Yesu, ambalo wenyeji huliita Nyumba ya Mawe. Lilianza kujengwa mwaka 1863, likakamilika 1888, na kuanzia kuta hadi ncha za minara yake miwili, yenye urefu wa mita 58 na nusu, ni jiwe la graniti. Ndani yake, kama ilivyo katika parokia za Kikatoliki za riti ya Kilatini duniani, Jumapili ya 17 ya Mwaka A wa Kanisa, inayoangukia mwishoni mwa Julai, husomwa sehemu ya Mathayo sura ya 13: hazina iliyofichwa shambani, mfanyabiashara mwenye kutafuta lulu, na juya lililotupwa baharini. Basi siku hiyo lulu hutajwa jirani na Mto wa Lulu, na habari ya kuchambua samaki husomwa hatua chache kutoka kwenye maduka ambayo kuchambua mali ya bahari ndiyo kazi yake ya kila siku. Kalenda haikuitazama barabara hii. Ndiyo hiyohiyo inayofuatwa Dar es Salaam na Kisangani. Kwangu mimi, hata hivyo, hakuna mahali pazuri zaidi pa kutazama polepole jambo ninalolipenda sana, yaani jinsi maneno ya mifano ya Yesu na ya sala za Wakristo yalivyochongwa.

Nianze na huyo mfanyabiashara. Habari yake ni aya mbili tu. Yumo mtu, imo kazi yake, imo lulu moja ya thamani kubwa, na yamo mambo mawili aliyoyafanya: aliuza alivyokuwa navyo vyote, akainunua ile moja. Jina lake hatupewi. Hatuambiwi lulu aliiona wapi, ilikuwa ya nani, wala mkewe alisema nini aliposikia kwamba hata kitanda kimeuzwa. Msimulizi mwingine yeyote angetuonyesha angalau mikono ikitetemeka. Hapa hakuna mkono. Kilichoachwa ni kazi ya mtu huyo, na kazi hiyo ndiyo inayobeba habari nzima. Mfano uliotangulia, wa hazina shambani, ni wa mtu wa bahati: alikuwa akipita zake, akakuta mali. Huyu wa lulu ni mjuzi. Amekwisha kushika lulu nyingi, anazijua kasoro, anajua kupunguza bei. Kwa hiyo anapouza kila kitu hatuwezi kumwita mwendawazimu, maana hesabu hiyo imepigwa na fundi wa hesabu. Angetajwa kama mtu fulani tu, mfano ungekuwa habari ya tamaa. Kwa kumtaja kwa kazi yake, msimulizi amepata bila kuongeza neno kile ambacho wengine hukitafuta kwa ukurasa mzima.

Halafu linakuja juya. Watu wa pwani wanalijua: wavu mrefu unaozungushwa na kukokotwa hadi ufukweni, usiochagua, unaozoa kila kilicho mbele yake. Linapojaa, wavuvi wanalivuta pwani, wanaketi, wanakusanya wazuri vyomboni na kuwatupa wabaya. Nimelitazama sana hilo tendo la kuketi. Mfano ungekamilika bila hilo, kwani samaki wangechambuliwa vilevile. Lakini aliyewahi kufika soko la Feri alfajiri, au mwalo wa Kirumba, anafahamu kwamba kuvuta ni kazi ya kusimama na kuchambua ni kazi ya kuketi. Mtu aliyeketi hana haraka tena. Bahari imekwisha kutoa ilichotoa, sasa ni zamu ya jicho. Neno hilo moja linageuza mwendo wa habari, kutoka nguvu kwenda hukumu, na linatuhakikishia kwamba anayesema aliwahi kukaa na wavuvi akawatazama. Mifano hii imejaa mambo ya namna hiyo, madogo, yasiyojitangaza, yaliyochukuliwa kwenye kazi za mikono.

Ufundi wa mpangilio unaonekana vizuri zaidi katika mfano wa vibarua wa shamba la mizabibu, ulio katika Mathayo sura ya 20. Mwenye shamba anatoka alfajiri, anapatana na watu dinari moja kwa siku. Anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na hata saa kumi na moja jioni, na kila mara anawakuta wengine wamesimama sokoni bila kazi. Jioni wote wanalipwa dinari moja. Msomaji mwepesi hutazama malipo. Mimi hutazama foleni. Mwenye shamba anaagiza msimamizi aanze na waliofika mwisho. Kama wangeanza wale wa alfajiri, wangepokea dinari yao waliyopatana, wakaifunga kwenye nguo, wakaenda nyumbani wameridhika, na habari ingekufa hapo. Kwa kugeuza foleni tu, msimulizi amewalazimisha wa alfajiri wasimame na kutazama. Wanaona wa saa kumi na moja akipewa dinari nzima. Wanaanza kupiga hesabu mioyoni. Matumaini yanapanda mtu baada ya mtu, na inapofika zamu yao wanapewa kilekile walichokubali asubuhi. Manung'uniko yao yamejengwa kwa agizo moja la utaratibu wa malipo. Mtu aliyewahi kusimama asubuhi mahali vibarua wanaposubiri kuitwa, iwe ni Kariakoo au kwenye masoko ya Guangzhou, hahitaji padre wa kumweleza uzito wa saa kumi na moja. Anajua maana ya kusimama mchana kutwa bila kuitwa.

Lakini kama ningetakiwa kuchagua mfano mmoja wa kuonyesha wanafunzi wa uandishi, ningechukua ule wa mwana mpotevu, Luka sura ya 15. Kijana akiwa kwenye nguruwe anatunga hotuba ya kumwambia baba yake. Hotuba ina sehemu tatu: kukiri kosa, kukubali kwamba hastahili tena kuitwa mwana, na kuomba achukuliwe kama mmoja wa watumishi wa mshahara. Tunaisikia yote. Anapofika, baba anamwona angali mbali, anamkimbilia. Hapo hotuba inasemwa kweli, na sikio lililokuwa makini litagundua kwamba sehemu ya tatu haipo. Kijana amekiri, amesema hastahili, na kabla hajafika kwenye ombi la kibarua, baba tayari anawaagiza watumishi walete vazi, pete na viatu. Msimulizi hatuambii kwamba baba alimkatiza. Amelifanya katizo lenyewe. Kukaririwa kwa maneno, ambako katika mikono ya msimulizi dhaifu kungekuwa uchovu, hapa ndiko kunakotufanya tuone shimo lililoachwa.

Na ndugu mkubwa naye ana yake. Akizungumza na baba hamtaji mdogo wake kama ndugu. Anamwita mwana wa baba, kana kwamba udugu umekatika. Baba anapojibu anakirudisha kilekile kilichokatwa, anamwita ndugu yake. Ugomvi mzima wa nyumba umo katika namna mbili za kumtaja mtu mmoja. Sisi Waswahili, ambao tunaweza kumpandisha au kumtenga mtu kwa kuchagua tu kati ya "ndugu yangu" na "huyo mtoto wa mama fulani", tunaipata hiyo moja kwa moja. Kisha mfano unaisha. Ndugu mkubwa yuko nje ya mlango, ngoma inasikika ndani, baba amesema la mwisho. Aliingia? Luka hasemi, na waliokuwa wakisikiliza, Mafarisayo walionung'unika kuhusu watu ambao Yesu alikula nao, waliachiwa wajibu wenyewe.

Kiswahili kiliipokea mifano hii kikiwa na zana zake tayari. Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyefika Zanzibar mwaka 1864, alichapisha mwaka 1870 kitabu cha ngano zilizosimuliwa na wenyeji wa kisiwani, katika miaka ileile aliyokuwa akitafsiri Injili. Siamini kwamba kazi hizo mbili zilikaa mbalimbali kichwani mwake. Wasimulizi wa Unguja walikuwa na kiungo kimoja ambacho hakuna mtu angeweza kuwapa: ile "-ka-" inayoshika kitendo na kukisukuma kwa kingine. Kitenzi cha kwanza kikishaweka wakati, vinavyofuata havihitaji tena kuuliza lini. Akatoka, akawakuta, akawaambia, wakaenda. Kila tendo limelishika mkono lile lililotangulia, na anayesikiliza hawezi kuondoka katikati. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilipotoka mwaka 1891, Steere alikuwa amefariki miaka tisa kabla. Lakini mwendo wa hadithi za kwetu ulikuwa umekwisha kuingia ndani yake, na tafsiri ya mwaka 1952, inayosomwa mpaka leo katika nyumba nyingi, imeubeba. Ndiyo maana mtoto wa Kiswahili akisomewa habari ya Msamaria hahisi kwamba anasomewa kitu cha wageni. Masikio yake yameshaandaliwa na bibi.

Steere alijenga pia kwa mawe. Kanisa lake la Anglikana huko Mkunazini, Zanzibar, ambalo msingi wake uliwekwa Krismasi ya mwaka 1873, lilisimama mahali palipokuwa soko la watumwa wakati Nyumba ya Mawe ya Guangzhou ikiendelea kupandishwa. Hili la Guangzhou nalo lina ardhi yenye maumivu: hapo palikuwa na makao ya mtawala wa majimbo ya Guangdong na Guangxi, yaliyoharibiwa katika Vita vya Pili vya Afyuni, na kiwanja kikaangukia mikononi mwa wamisionari wa Kifaransa. Wachina hawajalisahau hilo, na sioni kwa nini wangelisahau. Ila waliolijenga kanisa ni Wachina wenyewe. Michoro ilitoka kwa Wafaransa, mawe yalichongwa chini ya fundi mkuu Cai Xiao, mtu wa Guangdong, na kwenye vitoa maji ya mvua, mahali ambapo makanisa ya Ulaya huweka mazimwi, vimechongwa vichwa vya simba wa Kichina.

Yaliyofanyika kwenye jiwe yalikuwa yamefanyika kwenye sala zamani zaidi. Mwaka 1583 Wajesuti Michele Ruggieri na Matteo Ricci walipata ruhusa ya kukaa Zhaoqing, mji ulio magharibi mwa Guangzhou, na huko, pamoja na Wachina wasomi, walianza kutafuta namna ya kumwomba Mungu kwa Kichina. Sala walizozitunga wao na waliowafuata katika karne ya 17 ziliandikwa kwa lugha ya kale ya vitabu, fupi, iliyobana, na waumini walizikariri kwa kuimba pamoja. Jambo hilo lilikuwa na matokeo ya ajabu. Kwa kuwa Kanisa la China lilikuwa limetengwa na mabadiliko ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, misa ya Kilatini iliendelea huko hadi miaka ya 1980. Padre alikuwa altareni na Kilatini chake, na watu wakiwa chini kwenye viti wakaendelea na sala zao za Kichina kwa sauti, mkondo mmoja juu ya mwingine. Biblia ya Kikatoliki kwa Kichina ilikamilishwa mwaka 1968 huko Hong Kong, kazi iliyoongozwa na Mfransisko Gabriele Allegra. Lakini sala zilikuwa vinywani karne nyingi kabla kitabu hakijakamilika. Wengi wa waliozikariri hawakuwa wasomi. Zilidumu kwa sababu zilitengenezwa kwa ajili ya kinywa.

Hapa ndipo ninapoona sala na mfano vikiachana njia. Mfano una mtu mmoja anayesema na wengi wanaosikia, na nguvu yake iko katika kile kinachozuiwa. Sala ya pamoja haina msikilizaji wa kushtukizwa. Kila neno lake litasemwa tena kesho na watu walewale, wagonjwa na wazima, aliyefiwa na aliyeoa jana. Haiwezi kuwa na rangi ya mtu mmoja. Tazama Baba Yetu: nusu ya kwanza yote ni ya Mungu, jina lake, ufalme wake, mapenzi yake, nusu ya pili ni yetu, na "mimi" haimo popote. Mahitaji ya tumbo yametajwa mara moja, katikati, kwa maneno machache, kisha sala inaendelea na madeni ya moyo. Aliyeipanga alijua kwamba mwenye njaa akisali peke yake atakaa kwenye chakula mpaka mwisho, kwa hiyo akaweka hilo neno mahali ambapo haliwezi kupuuzwa wala kutawala.

Kiswahili kimeipa sala hizi heshima ambayo lugha nyingi huitafuta kwa kuongeza maneno. Sisi hatumwamrishi Mungu. Hatusemi "tupe" kama tunavyomwambia mwenye duka. Tunaweka kiambishi cha nafsi mbele na "-e" nyuma, na amri inageuka ombi. Na mkazo wetu, unaokaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ni zawadi kwa watu wanaosali pamoja. Watu elfu moja wasiojuana, kutoka Tanga, Bukoba na Songea, wanaangukia mahali pamoja bila mtu wa kuwapigia mkono. Wakantoni, wenyeji wa Guangzhou, wana kazi ngumu zaidi: lugha yao ina toni sita, neno likipandishwa au kushushwa vibaya linakuwa neno jingine, na wimbo wa sala unapaswa kupita mle toni zinaporuhusu. Ninapofikiri kwamba walikariri rozari nzima namna hiyo kizazi baada ya kizazi, nawavulia kofia.

Rozari yenyewe ni ufundi wa sauti mbili. Salamu Maria ilikusanywa polepole. Nusu ya kwanza ni maneno ya malaika na ya Elisabeti kutoka Luka sura ya 1, nusu ya pili ni ombi la Kanisa lililoongezwa baadaye, na umbo tulilo nalo likawekwa rasmi katika breviari ya Papa Pius V mwaka 1568. Kiunganishi cha nusu hizo mbili ni jina la Yesu. Kiongozi hufika hapo akaachia, waitikiaji wakapokea. Hakuna upande unaosali sala nzima peke yake. Hata aliyechoka, ambaye mawazo yake yako kwenye kontena lililokwama bandarini, anasukumwa na zamu yake.

Kolekta, ile sala ya mwanzo wa misa, inastahili sifa kubwa kuliko inavyopewa. Padre anasema "Tuombe", ananyamaza ili kila mtu aseme lake moyoni, kisha anazikusanya zote kwa sentensi moja: Mungu anaitwa, linatajwa jambo moja alilolitenda, linaombwa jambo moja, inatolewa sababu, na mwisho ni kwa Kristo. Kumkumbusha unayemwomba wema wake kabla ya kutaja shida yako ni adabu ambayo kila mtoto wa pwani amefundishwa nyumbani. Sentensi hiyo ikipata msomaji anayeharakisha inapotea bure. Naumia kila ninapoisikia ikipita kama tangazo.

Na litania. Jumapili alasiri Nyumba ya Mawe hujaa Waafrika katika misa ya Kiingereza, wengi wao Wanigeria, na Waswahili wakiwemo, wakisali kwa lugha ambayo wachache wao walinyonya kwa mama. Lakini litania haiulizi lugha. Kiongozi anabadilisha majina, watu wanashikilia jibu moja. Kwetu jibu hilo ni neno moja, "utuombee", na ndani yake mna anayeombwa, tunaoombewa, tendo, kwamba ni kwa ajili yetu, na upole wa kuomba. Kwa Kichina ni silabi chache tu, na kwa Kiingereza vilevile. Majina yanaweza kuwa mageni kabisa. Mtu aliyetua jana kutoka Dar es Salaam, asiyejua Kikantoni hata neno moja, akikaa katikati ya wazee wa parokia hiyo wakati litania inaendelea, kufikia jina la tano tayari anaitikia nao.